Fahali Wawili na Mwenye Zizi

Kuna aina moja ya riwaya ambayo nikiikuta mezani kwa mtu, naomba kuiazima kabla hata sijaketi. Ni ile ya mji usiokuwa kwenye ramani yoyote, mji wenye bandari, ukungu na vichochoro, na ndani yake magenge ya wahalifu yanayogombania mitaa. Uchawi unakuwepo, lakini kidogo, kama chumvi. Kinachonivuta ni ule ugomvi wenyewe: nani anakusanya pesa za mtaa upi, nani amevuka mpaka, nani ameuawa na sasa ndugu zake watafanya nini.

Nimezisoma nyingi. *The Lies of Locke Lamora* ya Scott Lynch (2006), katika mji wa Camorr wenye mifereji na visiwa kama Venice. *Six of Crows* ya Leigh Bardugo (2015), katika mji wa Ketterdam unaofanana na Amsterdam ya zamani, wafanyabiashara juu na wezi chini. Na ile ninayoipenda kuliko zote, *Jade City* ya Fonda Lee (2017), ambayo mwaka 2018 ilipata tuzo ya World Fantasy ikigawana na riwaya nyingine. Lee aliendelea na *Jade War* (2019) na *Jade Legacy* (2021), na mimi nikaendelea naye hadi mwisho, usiku kwa usiku.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Riwaya hizi zote zinakubaliana nao. Zinatuonyesha fahali, pembe zao, damu yao, ukoo wao. Lakini methali ile ina kitu cha tatu ambacho hatukizungumzii sana, nacho ni zizi. Zizi ni la nani? Nani alilijenga? Na fahali wakipigana usiku kucha, asubuhi nani anaamka kurudishia miti iliyovunjika? Hilo ndilo swali ninalotaka kuwauliza waandishi hawa, kwa sababu nina sababu zangu za kuliuliza.

Nianze na *Jade City* kwa wale ambao hawajaisoma. Kuna kisiwa kiitwacho Kekon, na mji wake mkuu ni Janloon. Kisiwani kunachimbwa jedi, jiwe la kijani ambalo mtu aliyezaliwa na kufunzwa kwalo akilivaa anapata nguvu: anapiga kwa nguvu zisizo za kawaida, anaruka, panga haliingii mwilini, anahisi hasira ya mtu aliye upande wa pili wa ukuta. Wanaovaa jedi wamejipanga katika koo. Koo kubwa ni mbili: No Peak, ya familia ya Kaul, na Mountain, inayoongozwa na mwanamke mmoja baridi kama maji ya kisima, Ayt Mada. Zamani wote walikuwa chama kimoja cha wapiganaji waliowafukuza wakoloni wa Shotar. Vita vilipokwisha, wazee wale wakagawana mji. Sasa wazee wanaisha na vijana hawakumbuki undugu.

Kila ukoo una kiongozi anayeitwa Nguzo. Chini yake yuko Pembe, mkuu wa mapanga, na Mtabiri wa Hewa, mkuu wa hesabu. Chini kabisa, pale ambapo msomaji anapita haraka, wako watu wanaoitwa Watu wa Taa. Hawa ni wenye hoteli, wenye maduka, wenye viwanda. Hawavai jedi. Wanalipa ukoo, na ukoo unawalinda, unawaamulia kesi, unawafungulia milango ya biashara.

Mmoja wao ni Bwana Une, mwenye hoteli ya Twice Lucky kule bandarini. Riwaya inaanzia hotelini mwake. Kaul Hilo, Pembe wa No Peak, yuko mezani. Vijana wawili maskini wanajaribu kumwibia mlevi jedi yake, na mambo yanaharibika. Mara ya kwanza niliposoma, nilimwona Bwana Une kama kiti au meza, sehemu ya mapambo ya chumba. Kitu kilichonifanya nirudi kwake kinakuja baadaye sana. Vita vya koo mbili vinapopamba moto, Mountain wanaitwaa bandari, na Bwana Une anainama kwa wenye nguvu wapya. Afanyeje? Kisha No Peak wanarudi kuichukua hoteli kwa damu. Na Bwana Une, mzee wa watu, ambaye kazi yake maishani ni kukaanga ngisi, analikata sikio lake mwenyewe kuomba msamaha wa ukoo.

Nilifunga kitabu. Nilimfikiria mama.

Mama alikuwa na kibanda cha chakula kando ya steji ya matatu, Nairobi, upande wa Eastlands. Chapati, maharagwe, ndengu, chai ya saa kumi na moja alfajiri kwa madereva na makanga. Kila jioni alikuja kijana mmoja na daftari la shule, lile la kurasa 48 lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akachukua shilingi 50 na kuweka alama. Hakuna aliyeuliza ni za nini. Zilikuwa za "ulinzi." Mchana kanjo walikuja na kuchukua zao, na hao angalau waliacha risiti, siku walipotaka. Mama alihesabu zote pamoja na unga na mafuta ya kupikia. Kwake ilikuwa gharama ya kupika chapati.

Nikiwa darasa la saba likaja kundi la pili. Sitalitaja, wala lile la kwanza. Majina yao hayana heshima ninayotaka kuwapa. Kundi la pili lilisema steji ni yao. Kundi la kwanza likasema hakuna kitu kama hicho. Kwa muda wa kama wiki sita mama alilipa mara mbili. Wa kwanza walikuja saa kumi na mbili jioni, wa pili saa moja, na kila upande ulimuuliza kama amewalipa wale wengine. Jibu lolote lilikuwa baya. Ukisema ndiyo, umewatambua adui. Ukisema hapana, basi una pesa za ziada.

Jirani yake, muuza mitumba, alimwambia siku moja, "Afadhali hawa wapya washinde, wanaonekana wana adabu." Mama alikuwa akikanda unga, hakuinua kichwa. Akasema, "Mimi sitaki wenye adabu. Nataka mmoja. Hata akiwa shetani, awe mmoja, nijue nalipa nani."

Maneno hayo nimeyabeba miaka mingi, na ndiyo ninayosomea riwaya hizi. Baadaye nilikuja kugundua kwamba wasomi wameyaandika kwa njia yao. Charles Tilly, mwanahistoria wa Marekani, aliandika mwaka 1985 kwamba serikali nyingi za Ulaya zilizaliwa kwa namna inayofanana sana na biashara ya genge: mwenye silaha anakulinda dhidi ya hatari ambayo mara nyingi ni yeye mwenyewe aliyeileta, kisha anakutoza. Na mwaka 1993 mwanauchumi Mancur Olson akatofautisha jambazi anayehamahama na jambazi aliyetulia. Anayehama anakomba kila kitu, kwa sababu kesho hayupo. Aliyetulia anakuachia mbegu, kwa sababu mwakani atataka tena mavuno. Kwa hiyo mkulima, asema Olson, ana sababu ya kumpendelea aliyetulia. Mama hakuwahi kumsoma Olson. Alikuwa na kibanda, ikatosha.

Sasa rudi Janloon na fimbo hiyo ya kupimia. Riwaya inatutaka tuwapende akina Kaul, na tunawapenda. Lan, Nguzo mpole anayebeba mzigo asiouomba. Hilo, mwenye hasira za karibu na mapenzi makubwa. Shae, dada yao aliyekwenda ng'ambo kuukimbia ukoo na akarudi. Dhidi yao yuko Ayt Mada, aliyewaua wasaidizi wakuu wa baba yake aliyemlea ili akikalie kiti chake. Tunamchukia, na Lee anatupa kila sababu ya kumchukia. Lakini Mada anataka nini hasa? Anataka koo ziungane ziwe moja. Anasema Kekon iliyogawanyika italiwa na mataifa makubwa yanayoitamani jedi, na kwamba heri ukoo mmoja wenye nguvu kuliko mbili zinazochinjana.

Anataka, yaani, kile kile mama alichokitaka.

Hapo ndipo kitabu hiki kiliponishika shingo. Mwili wangu wote wa msomaji ulikuwa na Hilo. Nilifurahi kila alipoua. Lakini ningekuwa mtoto wa Bwana Une, nalala juu ya jiko la Twice Lucky nikisikia vyuma chini, ningeomba Mada ashinde upesi na yaishe. Shujaa wa riwaya na mkombozi wa mlipaji hawakuwa mtu mmoja. Wangewezaje kuwa? Shujaa anahitaji vita ili awe shujaa.

Lakini nisikomee hapo, kwa sababu hadithi ya steji nayo haikukomea hapo. Kundi la pili lilishinda. Palikuwa na usiku mmoja mbaya ambao sitausimulia, na asubuhi yake mama hakufungua, wala kesho yake, wala wiki ile. Karo yangu ya muhula ule ilichelewa, nikakaa nyumbani siku kumi na mbili nikisoma vitabu vya kuazima. Aliporudi, alikuwa amepata alichoomba: mlipwaji mmoja. Shilingi 50 zilikuwa zimekuwa 70. Kabla mwaka haujaisha, zikawa 100. Na sasa hapakuwa na wa kumtishia nao. Zamani, akizidiwa, angeweza kunong'ona kwamba wale wengine wanatoza kidogo. Sasa angemnong'oneza nani?

Olson mwenyewe aliliona hili. Jambazi aliyetulia anakuachia mbegu iwapo tu anaamini kwamba atakuwepo wakati wa mavuno. Akiogopa kwamba kesho atapinduliwa, anakomba leo kama yule wa kuhama. Na vijana wa steji, bana, nani kati yao aliamini atafika miaka thelathini?

Kwa hiyo fahali wawili wanavunja zizi, na fahali mmoja analigeuza kuwa lake. Hili ndilo fundo ambalo riwaya ya magenge, ikiwa nzuri, haiwezi kulifungua, na ikiwa mbaya, hujifanya halipo. Ile mbaya hutuambia kwamba tatizo ni kwamba genge baya limeshika mtaa, likishika genge letu, lenye utani na uaminifu, kila kitu kitakuwa sawa. Nimesoma nyingi za aina hiyo. Zinasomeka haraka na kusahaulika haraka. Ndani yake mtaa hauna watu. Una kuta tu za kurukia.

Bardugo si wa kundi hilo. Katika *Six of Crows* magenge ya Ketterdam ni mengi: Dregs, yaani mashapo yanayobaki chini ya kikombe, ndilo la Kaz Brekker, Dime Lions ni la Pekka Rollins, aliyemtapeli Kaz na kaka yake walipofika mjini wakiwa wadogo, wakabaki bila senti na kaka akafa kwa tauni. Kisasi hicho kinakiendesha kitabu. Lakini mtu aliyenifungua macho ni Inej, msichana aliyetekwa na wafanyabiashara ya watumwa akauzwa kwenye danguro. Katika nchi ile utumwa ni marufuku. Ila mikataba ya kazi inaruhusiwa, tena inaheshimiwa kama dini, kwa kuwa hata mungu wao ni mungu wa biashara. Basi Inej hakuwa mtumwa. Alikuwa na mkataba. Kaz alipomtoa kule, alimtoa kwa kufanya mkataba wake ununuliwe na genge lake.

Hebu litazame jambo hilo polepole. Karatasi iliyomfunga na karatasi iliyomwokoa ni ya aina moja. Genge, danguro na Baraza la Wafanyabiashara wanatumia wino mmoja. Na tajiri anayewaajiri wale vijana kwa kruge milioni 30 ndiye anayewageuka, wakati wezi wenyewe wanashika neno. Bardugo anajua mwenye zizi ni nani. Zizi ni la wale wanaoandika mikataba, na fahali wamefugwa humo.

Lynch naye anajua, kwa njia ya kejeli. Camorr ina mfalme wa wezi, Capa Barsavi, aliyeyatiisha magenge yote ya mji. Mtu mmoja, kama alivyotaka mama. Na Barsavi ana mapatano ya siri na mtawala wa mji: wezi hawataigusa familia ya kitajiri yenye vyeo wala askari wa mji, na mtawala atafumba macho kwa mengine yote. "Mengine yote" maana yake ni wachuuzi, mabaharia, wapangaji, wajane. Amani ile imetiwa sahihi juu ya migongo ya watu ambao hawakuitwa mezani. Ndiyo maana Locke Lamora na wenzake, wanaoyavunja mapatano hayo kwa kuwaibia matajiri wenyewe, wanatupa raha ya pekee. Ila ukiangalia vizuri, wala hawagawi walichoiba. Kinakaa tu chini ya hekalu lao, hawajui hata wakifanyie nini.

Na Terry Pratchett, Mungu amrehemu, aliyelicheka jambo hili kuliko wote. Katika mji wake wa Ankh-Morpork mtawala amewahalalisha wezi. Wana chama chao, wana kiwango cha wizi kwa mwaka, na wakikuibia wanakupa risiti, ili usiibiwe tena hovyo. Mwizi asiye mwanachama anashughulikiwa na chama chenyewe, na si kwa upole. Nilipomsimulia mama mambo hayo, alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akanyamaza, akasema, "Lakini risiti ni kitu kizuri."

Watu wengine huniambia kwamba riwaya za namna hii ni za kutoroka maisha. Zinakutoa Nairobi zikupeleke Janloon, basi. Kwangu zilifanya kinyume. Mtoto anayekua kando ya steji haoni genge. Anaona vijana fulani, anawajua kwa majina, mmoja alimnunulia soda. Inahitaji mji wa kubuni, wenye jiwe la kijani na vyeo vya ajabu, ili uone umbo la kitu kizima: huyu ni Pembe, huyu ni Mtabiri, na yule mwenye daftari la kurasa 48 naye ana cheo chake, na mama yako, bila kuulizwa, amekuwa Mtu wa Taa.

Sasa naona vijana wetu wameanza kubuni miji yao kwa Kiswahili. Nawaomba jambo moja tu. Mkishachora mipaka ya magenge yenu, mkishawapa wakuu wao makovu na majina mazuri, shukeni mtaani saa kumi na moja alfajiri muangalie nani anawasha jiko. Mpeni jina. Mwambieni msomaji analipa kiasi gani, kwa nani, na bei ilipanda lini. Si lazima awe shujaa. Hana nafasi, ana unga wa kukanda. Lakini mkishamweka pale, fahali wenu watapigana tofauti. Kila pigo litakuwa na mahali pa kuangukia.

Fonda Lee angeweza kumwacha Bwana Une akiwa na masikio mawili. Hakuna msomaji ambaye angelalamika. Vita vingeendelea, Hilo angebaki Hilo. Alichagua kusimamisha kitabu chenye mapanga na viapo, kwa aya chache, ili tumtazame mpishi na kisu chake mwenyewe. Kwa aya hizo tu nimemnunulia rafiki zangu watatu kitabu hicho, na kila anayerudi kunisimulia habari za Hilo na Mada, namuuliza kwanza kuhusu yule mzee wa ngisi.